Bonge Lililosafishwa

Udongo wa mfinyanzi hauna ugumu mmoja. Ukiusukuma kutoka juu unakaza hivi, ukiusukuma kwa ubavu unakaza vingine, kama kuni inavyogomea shoka ukiipiga kwa upana na kupasuka ukifuata nyuzi zake. Nimechoka kuwaeleza watu jambo hili. Nimekuwa fundi wa maabara ya udongo mjini Arusha miaka mingi, na mainjinia karibu wote hutaka namba moja waende zao.

Safari moja niligoma. Juu ya kijiji cha Olmotonyi, mlima ungekatwa hatua chache nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mmeru, mjane mwenye migomba na kahawa, ili upite mfereji wa maji ya mvua. Ukuta ungejengwa kuzuia udongo usimfuate ndani. Udongo husukuma ukuta kwa ubavu, kwa hiyo nilitaka kipimo cha ubavu. Injinia wa mradi akanipa siku mbili tu, kwa sababu katapila lilikuwa njiani.

Nilichimba shimo pale utakapopita ukuta, nikaingia mwenyewe. Bonge la kupimwa linachongwa polepole kwa kisu na waya, na ukilitikisa tu limeharibika. Siku ya pili mchana likatoka zima. Nikalifunga kwa nailoni, nikachora mshale kwa maka peni kuonyesha upande wa juu, nikaliacha barazani kwa mama, nikashuka kumwelekeza dereva wa pikapu.

Niliporudi, bonge lilikuwa linang'aa. Mama alikuwa ameifungua ile nailoni yenye tope, akaisugua kwa sabuni, akalifunga upya na kulifunika kwa jani bichi la mgomba. Mshale ulikuwa umefutika, na bila kujua juu ni wapi, ubavu haupimiki. Nilimwuliza, kwa sauti niliyojitahidi kuishusha, upande gani ulikuwa juu. Akaligeuzageuza, akasema hakumbuki, ila asingeweza kumwacha mgeni atoke kwake na mzigo mchafu.

Nilitaka kulia. Nikanywa chai yake. Ningemkasirikia vipi, wakati mjinga alikuwa mimi? Miaka yote hiyo kazini, halafu nachora mshale kwenye nailoni badala ya kuuchonga kwenye udongo wenyewe.

Nikampigia injinia kuomba siku moja zaidi. Akakataa, akasema ataweka namba ya siku zote, ile ya kusukuma kutoka juu. Kesho yake katapila likala mlima pamoja na shimo langu, na kipimo cha ubavu hakikufanyika.

Ukuta ulipokamilika nilipita kumsalimu yule mama. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha chai, na hata sijakaa sawasawa akaniuliza:

"Mwanangu, ule udongo wangu ulionekanaje?"

"Ni mzuri, mama," nikamjibu.

Akamshukuru Mungu. Akasema basi wajukuu wakija likizo atawalaza chumba cha nyuma, kile kilicho karibu na ukuta, maana kina hewa.