Mionzi ya Jiwe la Ghati

Ghati si mtu wa kulialia. Mimi ni jirani yake. Nimemwona akizika mume, akiozesha mabinti wawili, akimtimua fisi zizini kwa mwiko wa ugali, na machozi sikuyaona. Kwa hiyo nikikuambia Nchagwa alimliza, ujue alimfanyia jambo zito.

Nchagwa ni mdogo wa marehemu Mseti, mume wa Ghati. Mama yao alifariki Nchagwa akiwa bado ananyonya, na Ghati, bibi harusi wa juzi tu, akambeba mgongoni. Alimlea, akamsomesha, hadi akapata kazi kwenye kampuni ya kutengeneza barabara. Alimwita mwanangu, naye akamwita mama. Neno shemeji halikuwahi kusikika katika boma lile.

Mseti alikufa kwa uvimbe wa tumbo bila kuacha mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya hilo lina dawa yake. Mama asiye na mwana wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa, baba awe yeyote, ni wa nyumba yake: wanabeba jina la mumewe na kurithi shamba. Tunaita nyumba ntobhu. Mseti na Nchagwa wenyewe walizaliwa hivyo. Mama yao aliolewa na bibi mmoja aitwaye Nyangi, ambaye hakujaliwa mwana. Ghati naye alitaka jina la Mseti lisife. Akampata Boke, binti mwenye adabu kutoka ng'ambo ya mto. Ng'ombe wakapelekwa, nyumba ya pili ikajengwa na kupakwa udongo mweupe.

Wiki ile ile Nchagwa akaja na kifaa cha manjano, ukubwa wa redio, alichokiazima kazini, ambako hupima barabara kwa mashine za mionzi na alifundishwa kukitumia. Nyuma ya nyumba ya Ghati kuna jiwe kubwa la itale, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Akakiweka juu yake. Tik, tik, tik-tik.

"Hiyo ni mionzi, mama," alisema, mbele yetu sote tuliofika kunywa togwa. "Inatoka kwenye jiwe. Ndiyo iliyomla kaka. Huyo msichana akizalia hapa, atazaa watoto wenye kasoro."

Kifaa kikaendelea kulia. Hakuna hata mmoja aliyesema, haya basi, kilete na kwangu tukisikie. Sisi tunaweza kubishania mpaka wa shamba tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi, ila mashine ikilia tunavua kofia. Baba yake Boke alirudisha ng'ombe kesho yake.

Ghati akahamia Machochwe kwa binti yake Regina. Aliondoka akiamini ameishi na muuaji wa mumewe ukutani, tena jiwe ambalo yeye mwenyewe alilichagua wakati wa kujenga, kwa sababu ya kivuli chake.

"Niangalizie shamba, mwanangu," alimwambia Nchagwa, akamkabidhi ufunguo.

Miaka minne ikapita. Mwaka jana Ghati aliteleza akaumia mkono, Regina akampeleka hospitali. Akagoma kuingia chumba cha eksirei. Mionzi niliyokula kwenye jiwe inanitosha, alisema. Mpiga picha, dada mmoja anaitwa Eunice, hakumcheka. Alikaa naye kwenye benchi.

"Mama, mionzi ipo kila mahali," alimwambia. "Inatoka ardhini na kwenye mawe, inashuka kutoka juu angani, imo kwenye ndizi na maharage, imo hata mwilini mwako na mwangu. Sisi hospitali tunaongeza kidogo kwa picha kama hii. Mawe ya kwenu yanaongeza kidogo pia, lakini watu wameishi kando yake vizazi na vizazi."

Akaleta kifaa chake cha kukagulia chumba. Kikalia pale kwenye benchi. Wakatoka nje, kikalia kwenye majani.

"Hapa kuna jiwe gani?" Ghati akauliza.

"Hakuna, mama. Kitalia popote."

"Na mtu aliyefundishwa kukitumia, anaweza asilijue hilo?"

"Ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa."

Alirudi kwetu na plasta mkononi. Alimkuta Nchagwa anaishi katika nyumba aliyojengewa Boke, mke wake Frida ameanika mtama juu ya lile jiwe, watoto wao wanateleza juu yake wakicheka.

"Ulijua?" Ghati alimwuliza.

"Mama, shamba la ukoo lingekwenda kwa watoto tusiomjua baba yao."

Na wewe baba yako nani anamjua? Hilo ni langu mimi, Ghati hakulisema. Alikaa chini pale pale uani akalia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka.

Wazee wakaitisha ritongo, baraza la ukoo. Nchagwa akakiri yote, shamba likarudi kwa Ghati. Lakini Boke alishaolewa Sirari, ana watoto wawili. Na huku kwetu ng'o, hakuna mzazi anayetaka kuleta binti kando ya jiwe lile. Uongo walishauzoea, ukweli umewafikia umechelewa.

Nchagwa naye akaona haya, au sijui aliona nini. Akasimama mbele ya wazee akasema atamtoa mwanawe mdogo akaishi kwa Ghati, abebe jina la Mseti, arithi kila kitu. Wazee wakafurahi, mmoja akaanza hata kupiga makofi. Ghati alimtazama mtoto.

"Mzuri," akasema. "Nikimchukua nitampenda, najijua. Mrudishe kwa mama yake. Nimeshawahi kulea mmoja."