Mkono wa Mama Dirishani

Kigari kilishushwa stesheni ya Tabora kutoka Kigoma, juu ya behewa la wazi, kimefunikwa turubai, na mtu wa kwanza kukizunguka ni mimi. Nilikizunguka mara tatu. Kilikuwa kidogo hata makuli wakaulizana kama kimefika chote au nusu imebaki Kigoma. Rangi ya maziwa, milango miwili, na usukani, jamani, usukani ulikuwa upande wa kushoto.

Baba, mstaafu wa reli, alikinunua kupitia kwa mwenye duka la vitambaa wa Mtendeni, mzee wa Kihindi ambaye shemeji yake alikuwa anahama Bujumbura. Yule mzee akatueleza kwa subira kwamba gari hilohilo linauzwa nchi nyingi: Uingereza wanaliwekea usukani kulia, Ufaransa na Burundi kushoto, mengine yote ni yale yale. Baba akanung'unika kwamba hayo angeambiwa kabla ya kulipa. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani, nimeshika usukani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la tatu Isevya, na sikuwahi kutamani kitu duniani kama nilivyotamani kuendesha kigari kile.

Baba alikiendesha wiki mbili, akatumbukia mtaroni mara mbili, akakichukia. Usiku wa pili wa mtaro akatoa hukumu: nikifaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, ufunguo ni wangu, nikifeli, gari linauzwa kesho yake. Baadaye mama, akiwa anapepeta mchele uani, akaniambia polepole kwamba nikiupata huo ufunguo nimpeleke kwa dada yake. Mama mkubwa alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa, njia ya Sikonge, na tangu ahamie mama hakuwa amemtia machoni. Kila akiomba kwenda, baba ana jibu: hakuna usafiri, ngoja mavuno yaishe. Mavuno yalikwisha mara tatu. Basi nikajua mtihani ule naufanya kwa ajili ya watu wawili.

Fundi mmoja wa gereji alikubali kunifundisha. Klachi niliishika upesi, maana mimi nikipenda kitu sichelewi. Tatizo lilikuwa mkono. Siku zile mtahini alitaka dereva atoe mkono dirishani kabla ya kukata kona, taa peke yake hazikumtosha. Wenzangu walitoa wa kulia. Mimi nilikaa kushoto, na mkono uliokuwa dirishani kwangu ni wa kushoto. Nimnyooshee nani mkono wa kushoto Tabora hii? Siku ya kwanza niliutoa pale Cheyo, mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli yake, akaniuliza kwa utaratibu kabisa mimi ni binti wa nani. Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimeshatangulia.

Ndipo mama alipoamua. Kesho yake alifunga khanga zake vizuri, akamhamishia fundi kiti cha nyuma, akakaa yeye kulia na kutangaza kwamba tangu leo yeye ndiye mkono. Nikisema, "Mkono, mama," anautoa wote hadi begani. Ila mama hakuweza kumnyooshea mtu mkono bila kumsalimia. Anautoa, anapunga, mwangaluka, watoto hawajambo? Na watu wa Tabora unawajua, ukiwasalimia hawakujibu juu juu. Walisimama katikati ya barabara kutoa habari za mgonjwa na za shamba, na mimi nimekanyaga breki, nachemka. Nikamfokea kwamba anaonyesha kona, hajaenda kutembelea watu. Akanijibu kwamba yeye hamwashirii mtu kama anafukuza kuku. Fundi huko nyuma alicheka hadi akajifuta machozi. Lakini baada ya mwezi, mwenzangu, tulikuwa kitu kimoja! Neno halijaisha mdomoni, mkono uko nje.

Asubuhi ya mtihani mama alinisindikiza hadi kituo cha polisi, akakaa kwenye benchi la nje. Mtahini alikuwa afande wa trafiki, Mzaramo, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Kwa mazoea akaenda mlango wa kushoto, akaufungua, akajikuta ana kwa ana na usukani. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kama leo anayetahiniwa ni yeye. Akazunguka upande wa pili huku akisema babu zetu walibeba pembe kichwani kutoka hapa hadi pwani, wala hawakudai gari. Nikamwambia ni kweli, na walipofika huko waliwakuta Wazaramo wamelala. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hapo nikawasha gari, maana mtani hucheka na wewe na bado akakufelisha.

Nilirudi nyuma kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Nikapita sokoni, nikapisha mikokoteni, nikaingia Mtendeni kwa furaha. Mbele kulikuwa na kona ya kulia, nyuma yangu lori la tumbaku linanisogelea. Nikapunguza mwendo, nikabadilisha gia, na mdomo wangu ukafanya kama ulivyozoea.

"Mkono, mama!"

Nilitaka kufa. Afande alinitazama. Akatazama lori kwenye kioo, akatazama kona, kisha akahamishia karatasi mkono wa kushoto na kuutoa wa kulia nje, wote, hadi begani. Mwanamke aliyekuwa anauza karanga pale kona akadhani anasalimiwa, akampigia shikamoo. Afande akaitika marahaba, tena kwa heshima zote, na mimi nikakata kona laini kabisa. Kona nne zilizobaki sikumwambia kitu, aliutoa mwenyewe.

Tuliporudi kituoni aliteremka, akaniuliza huyo mama niliyekuwa namwita yuko wapi. Nikamwonyesha benchi. Akamtazama, akanirudia.

"Umefaulu," akasema. "Lakini bila yeye usilitoe hili gari barabarani."

Sikumbuki kama nilishukuru. Nakumbuka nilimkimbilia mama na kumkumbatia mbele ya askari wote, na nikagusa kitu kinachotikisika chini ya khanga. Alikuwa na kuku. Pembeni yake kulikuwa na kikapu, na ndani mna mchele, sukari na doti ya khanga mpya. Alikuwa amefungasha tangu alfajiri, kabla sijaketi kwenye mtihani wowote.

Nikamwambia twende kwanza nyumbani tukampe baba habari. Hakubisha. Akaingia upande wake, akampakata kuku, akashusha kioo. Tulipofika njia panda, kushoto ndiko kwetu, kulia ndiko Sikonge. Nilikuwa nimeshaanza kuelekea kushoto, sijasema neno, mkono wa mama ulipotoka dirishani hadi begani na kubaki pale umenyooka. Watu walikuwepo barabarani. Hakumsalimia hata mmoja.

Nikakata kulia.