Udongo Usiokuwa na Mwenyewe

Wifi yangu Tusekile alikuwa mfinyanzi, nami ni mfinyanzi, na mtu akikuambia kwamba yeye alifinyanga vizuri kuliko mimi usibishane naye, ni kweli. Shingo za mitungi yake zilisimama sawasawa. Zangu ziliinama kidogo upande, nami niliwaambia wanunuzi kwamba ndivyo zinavyomimina vizuri. Lakini kwa maneno nilimshinda. Yeye alikuwa mnyamavu, mimi msemaji, na ulimi wangu huo ndio ulioponza ufuko mzima. Nalisimulia jambo hili mimi mwenyewe, Angetile, kabla wengine hawajalisimulia vibaya.

Kijiji chetu kimebanwa kati ya mlima na ziwa, mwendo mfupi wa mtumbwi kutoka soko la Lyulilo. Mpunga kwetu hauoti, ni mawe matupu. Wanaume wanavua, sisi tunafinyanga. Vyungu tunavipakia mitumbwini, tunakwenda Lyulilo kuvibadilisha na mahindi, ndizi na mchele wa watu wa bonde la Kyela. Kwetu mwanamke asiye na udongo ni mwanamke mwenye njaa, yeye na watoto wake. Na udongo wenyewe uko mahali pamoja tu, kwenye kiwanja kinachoshuka majini kati ya kijito cha matete na jiwe jeusi.

Pale pana miiko. Hapajengwi, hapalimwi, hapachungwi mbuzi. Mwanamke akimaliza kuchimba, huweka ndani ya shimo lake, chini kabisa, kigae cha chungu alichofinyanga kwa mkono wake, kisha hulifukia na kulisawazisha. Shimo lililofukiwa halifunguliwi. Mama zetu walisema ukifungua shimo la marehemu, vyungu vyako vitapasuka motoni mpaka siku ya kufa kwako. Kwa hiyo mgeni akipita pale anaona majani mafupi tu, basi.

Wadachi walikuwa wametutawala miaka mingi, hata watoto waliozaliwa chini ya bendera yao walikuwa wameanza kuoa, alipokuja bwana mmoja mpima ardhi na mnyororo wake wa chuma na mkalimani kutoka pwani. Walinikuta napakia vyungu karibu na jiwe jeusi. Mkalimani akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, kiwanja hiki ni cha nani? Nani anakaa hapa?"

Nikajivuna. Nikaweka mikono kiunoni nikamwambia, "Hapa hakai mtu. Hapajalimwa tangu dunia iumbwe, wala hapatalimwa. Hapa hapana mwenyewe."

Kwetu hiyo ni sifa. Ni kusema kwamba hatujavunja mwiko, na hakuna mwanamke aliyepageuza pake peke yake akawanyima wenzake. Mkalimani alimgeukia bwana wake, bwana akaandika, akanitabasamia. Nami nikamtabasamia, mjinga mimi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Miezi miwili baadaye tangazo lilibandikwa kwenye banda la soko Lyulilo. Liliandikwa kwa Kiswahili, na aliyetusomea alikuwa Yakobo, yule aliyekuwa akitusomea Injili Jumapili katika misheni ya Matema. Lilisema kwamba kwa amri ya Gavana, ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na serikali inaweza kumpa mtu anayeiomba. Kisha likataja viwanja vilivyoombwa. Cha tatu kilikuwa "kiwanja kitupu kati ya kijito cha matete na jiwe jeusi". Mzungu mmoja mwenye shamba alikitaka ajenge ghala na gati. Mpaka shauri likatwe, mtu yeyote asichimbe pale.

"Kitupu?" akauliza Tusekile.

"Ndivyo walivyoandika," akasema Yakobo. "Wanasema wenyeji wenyewe walikiri hapana mwenyewe."

Niliinama nikajifanya napanga vyungu, na siku mbili sikusema neno nyumbani. Mume wangu alidhani naumwa, akataka kuniitia mganga. Siku ya tatu nikashindwa, nikamfuata Tusekile nikamweleza yote.

"Wifi, ulisema kweli," akasema. "Ila aliyekuuliza alikuwa akiuliza jambo lingine." Hakunitukana. Ningependelea anitukane, ningejua la kumjibu.

Kuanzia hapo kila siku ya soko alikwenda kwa Yakobo na kumwambia, "Soma tena." Alimpelekea samaki wakavu, akaketi chini, akasikiliza mpaka mwisho. Mara ya tano Yakobo alichoka. "Dada Tusekile, maneno hayabadiliki."

"Najua. Lakini bado sijayashika. Hilo tangazo ni mtoto tu. Amri yenyewe, mama yake, iko wapi?"

Yakobo hakuwa amefikiria hilo, wala wazee wetu wote na fimbo zao. Akaenda kumwomba mchungaji, na kwenye kabati la misheni ikapatikana amri nzima. Ilimchukua Yakobo wiki mbili kuitoa kwenye Kidachi, kwa msaada wa mchungaji, maana yalikuwa maneno marefu kuliko nyavu. Ndani yake kulikuwa na jambo ambalo tangazo halikulitaja: kabla ardhi haijaitwa haina mwenyewe, sharti ikaguliwe, na wenyeji waachiwe mahali wanapokaa, wanapolima, au wanapopatumia kwa riziki yao.

"Rudia hapo pa mwisho," akasema Tusekile.

"Au wanapopatumia kwa riziki yao."

"Kumbe si lazima kukaa."

"Si lazima."

Nilimwona kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akipumua vizuri. Akauliza nani aliyeandika amri ile, Yakobo akasema ni wakubwa, na Gavana aliyeko Dar es Salaam ndiye mwenye kuisimamia na kukata mashauri yake. Bwana wa boma la Langenburg anafuata tu anachoambiwa. "Basi tumwandikie mwenye kukata," akasema Tusekile, "na huyu wa boma apate nakala asije akasema tumemruka."

Wazee walitaka jambo hili liende barazani kwanza. Lakini barazani Tusekile asingeweza kusema. Baba yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza, na baba yangu ni baba mkwe wake. Kwetu mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anajitupa vichakani hata kama kuna upupu, na jina lake halitamki. "Andika," nikamwambia. "Karatasi haina baba mkwe."

Tukaandika kwenye meza ya Yakobo. Mimi nilitaka salamu ndefu, na habari za afya ya Gavana na wanawe, na Mungu ampe maisha marefu. Tusekile akakataa. "Huyo mtu anapata barua nyingi. Tumwambie mahali ni wapi, tunapafanyia nini, amri yake inasemaje, na tunaomba nini." Ikawa mistari kumi na miwili. Kisha akanigeukia akasema, "Sasa lile lako."

Nililisema, na Yakobo akaliandika: "Mimi Angetile ndiye niliyemwambia mpima ardhi kwamba hapana mwenyewe. Sikudanganya. Sikuelewa nilichoulizwa. Hatukai pale kwa sababu tunapaheshimu." Wanawake thelathini na mmoja walipaka dole gumba masizi ya vyungu na kuligandamiza chini ya barua. La kwanza lilikuwa langu. Tarishi akaipokea akaondoka nayo kupanda mlima.

Baada ya hapo kila mtu akajua ni nani aliyeponza kijiji. Wengine, tukikutana pale tunapoteka maji, walinipita kana kwamba mimi ni gogo. Sikuwalaumu. Nilijilaumu mwenyewe vya kutosha. Akiba ya udongo majumbani ikapungua, watu wakaanza kufinyanga vyungu vidogo vidogo. Mwezi wa nne tangu tangazo, yule mwenye shamba akaleta nguzo za ghala lake kwa mitumbwi, akazipanga karibu na jiwe jeusi.

Mwezi wa tano bwana wa boma akashuka mwenyewe na mkalimani wake. Alikuwa na karatasi kutoka Dar es Salaam. Barua ilikuwa imefika, imesomwa, na wakubwa wametaka kiwanja kikaguliwe. Kijiji kizima kilikusanyika pale kwenye majani. Bwana akatembea huku na huku, akatazama chini.

Mkalimani akatuambia, "Bwana anasema haoni kitu. Mwombaji naye anasema mmeanza kuchimba juzi tu, baada ya kusikia habari zake. Alama ya zamani iko wapi?"

Alama zilikuwapo tele, chini ya miguu yetu, nasi tulikuwa tumezificha kwa ufundi wote tuliorithi. Nikamtafuta Tusekile kwa macho. Alikuwa amesimama mbali nyuma ya matete kwa sababu ya baba. Alikuwa na jembe mkononi.

Baba yangu alimwona pia. Alijikongoja mpaka ukingoni mwa maji, akaupa mkutano kisogo, akasimama anatazama ziwa. Wazee wengine, mmoja mmoja, wakamfuata. Ndipo Tusekile akatoka kwenye matete. "Ndaga," akasema kuelekea upande wa ziwa, bila kumtaja aliyeshukuriwa.

Akaenda moja kwa moja mpaka mahali fulani, hatua tisa kutoka kijitoni, akapiga magoti. "Hapa alichimba mama yangu," akamwambia mkalimani. "Amekufa miaka ishirini iliyopita." Wanawake wakaanza kunung'unika. Bibi mmoja akalia waziwazi. Tusekile akanitazama nimsaidie, na mimi, msemaji mkubwa, nikatazama chini. Niliogopa. Hilo nalo nalikiri.

Akachimba peke yake. Jasho lilimtoka, na machozi pia. Shimo lilipomfika kiunoni, jembe likagonga kitu, akalitupa, akachimbua kwa vidole, akatoa kigae cha mtungi. Chini ya mdomo wake kulikuwa na alama tatu za ukucha. Akaomba mtungi wake mwenyewe uletwe kutoka mtumbwini, akauweka kando. Alama tatu za ukucha, mahali palepale, kwa sababu mama yake ndiye aliyemfundisha.

Kisha akaonyesha ubavu wa shimo. Kwetu binti huanza kuchimba pale mama yake alipoishia. Udongo wa kufukia una rangi yake, na pale ukutani ulionekana, na ndani yake kigae kingine, na nyuma yake kingine. Bwana wa boma akavua kofia akaingia shimoni na viatu vyake. Alihesabu kwa kidole: mama, bibi, mama wa bibi, na mwingine ambaye hata jina lake hatulijui. Alikaa mle muda mrefu akiandika. Alipotoka alisema tu kwamba atapeleka alichokiona.

Tusekile hakulifukia shimo. Alilifunika kwa matete. "Mama atangoja jibu pamoja nasi," akasema.

Wiki ile tulichoma vyungu vya udongo wa mwisho. Kijiji kizima kilikuja kutazama, roho juu, maana kila mtu aliukumbuka mwiko. Majivu yalipopoa tukavitoa. Vya Tusekile vilitoka vizima vyote. Kilipasuka kimoja tu, nacho kilikuwa changu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake pale majini walinisalimu.

Jibu lilikuja Jumapili, mwezi wa saba. Yakobo alilisoma baada ya ibada, polepole. Kiwanja kati ya kijito cha matete na jiwe jeusi si ardhi isiyo na mwenyewe. Kinatumiwa kwa riziki na wanawake wafinyanzi, na kitabaki kwao. Ombi la mwenye shamba limekataliwa, naye aondoe nguzo zake.

Nikashusha pumzi. Nikaketi palepale sakafuni katikati ya watu, nikalia kwa furaha bila aibu yoyote. Miezi saba nilikuwa nikiwatazama watoto wa kijiji wakila na kujiuliza watakula nini kwa sababu yangu. Sasa watakula. Ngoma ilikwisha kuanza kulia nje niliposikia Tusekile akiniuliza kama ninalo jembe.

Tulikwenda wawili. Mvua ilikuwa imelimomonyoa shimo pembeni, lakini vigae vilikuwapo. Safari hii jembe nililishika mimi. Tusekile akashuka, akakirudisha kigae cha mama yake mahali pake, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, akaweka na chake. Halafu akaninyooshea mkono kutoka chini.

"Na chako."

"Changu? Mimi niliyesema hapana mwenyewe?"

"Wakija kuuliza tena," akasema, "wakukute humo."

Nikaenda mbio nyumbani, nikaokota kipande cha kile chungu changu kilichopasuka, nikarudi nikampa. Akakiweka kando ya vile vingine, nami nikafukia. Kilikuwa kipande cha shingo, na hata mle chini kiliinama upande.