Alitaka Kuniuzia Shamba la Shangazi Yangu

Leo broka amejaribu kuniuzia shamba la shangazi yangu hapa Kiritiri.

Hakujua mwenye shamba ni jamaa yangu. Nami sikujua ananipeleka wapi, mpaka tulipofika!

Nikajifanya sipajui.

"Mwenyewe ni mzee, alihamia Mombasa," akasema. "Lipa deposit sasa hivi, madam. Kuna mteja mwingine njiani."

Nikaomba kuona hati. Akanipa kopi yenye jina la mwanaume nisiyemjua.

Shangazi alikuwa ng'ambo ya ua akikatia mbuzi majani.

Nikamwita shangazi: "Tata, kuja uone shamba lako likiuzwa!"

Akaja na panga mkononi, akamwangalia broka juu hadi chini. "Hizi ndengu nilipanda mimi. Wewe unauza kama nani?"

Broka akanigeukia, sauti imelegea: "Madam, nirudishie hiyo kopi tuongee."

Sikurudisha. Nimetoka kuipeleka polisi.

Update: ameshapiga simu mara tatu akitaka nifute hii post. Sifuti!

Ukionyeshwa shamba, ongea na majirani, halafu uende ofisi ya ardhi wewe mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Nani mwingine ameonyeshwa hilo shamba? Semeni hapa. Mimi siogopi.