Msumeno wa Watu Wawili

Mdogo wangu aliporudi Mgeta kutoka kwenye mnyororo wa Wajerumani, hakuna aliyemkimbilia. Alikuwa amekataa kubeba mizigo ya akida, wakala wa Wajerumani, wakati mahindi yake yameshakauka shambani yakingoja kuvunwa, wakamfunga. Kule Morogoro mjini, yeye na wafungwa wenzake walitembea wamefungwa shingo kwa shingo, wakichimba barabara ya bomani.

Nilimpokea nyumbani kwangu. Nilikuwa mjane, na kwa mama yetu tulikuwa tumebaki wawili tu. Nikimwekea chakula, alisimama hadi nimwambie, "Kaa ule." Njiani alikwenda hatua fupi fupi, kama bado kuna mtu mbele anayemvuta. Majirani walimsalimu kwa mbali. Walisema nuksi ya mnyororo huambukiza.

Misheni walikuwa wakijenga kanisa, na wapasua mbao walihitajika. Nikampeleka kwa fundi mkuu, mzee mmoja mtaratibu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mtu wa kazi."

"Marahaba, mama. Kazi ipo. Lakini msumeno wetu ni wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni. Nani atakubali kushika naye?"

Akawauliza vijana wake. Mmoja alitazama kovu shingoni mwa mdogo wangu, akageuza uso. Wengine wakajifanya hawakusikia.

"Dada, twende nyumbani," mdogo wangu akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikaza kaniki kiunoni, nikashuka shimoni, nikashika mpini wa chini. "Panda," nikamwambia.

Wanaume wakacheka. Mwanzoni tulivutana vibaya, unga wa mbao ukanijaa machoni. Kisha mikono ikazoeana. Ubao wa kwanza ulipoanguka, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Tukaanza wa pili. Mabega yalikuwa yakiniwaka moto. Ndipo kijana yule aliyegeuza uso akashuka. "Toka, mama, utaumia," akasema, akanipokea mpini.

Nilikaa pembeni nikiwatazama. Nilifurahi, lakini nilikuwa na hasira pia. Mtu yuleyule waliyecheza naye utotoni, mpaka dada yake ashuke shimoni ndipo wamguse?

Mdogo wangu alipasua mbao pale mpaka kanisa likaezekwa, akaoa, akawa fundi wa kutegemewa. Majirani wakaja kumwagiza milango, naye akawatengenezea bila kinyongo. Kitu kimoja tu alikataa: kutia komeo upande wa nje, la kumfungia mtu ndani. Hilo, alisema, wakalitafutie fundi mwingine.