Mkomamanga wa Bibi

Juzi pale mtaani Mafiga niliona mkomamanga mfupi kwenye ndoo iliyopasuka, mizizi imetokeza nje, nikajisikia kuchoka ghafla.

Bibi yangu alikuwa na wa namna hiyo kwenye debe, kule mlimani. Alasiri moja, nikiwa mtoto pale kwake, Mjomba alipanda kumchukua ahamie kwake mjini. Kulinukia udongo mbichi na moshi wa kuni. Bibi alikubali kwenda, ila na mkomamanga wake, na kwanza uhamishiwe kwenye chungu kikubwa.

"Basi tuuhamishe leo, mama," Mjomba alisema.

"Una maua. Ukiugusa sasa yatapukutika."

"Mwezi ujao?"

"Utakuwa na matunda."

"Kiangazi, je?"

"Majani yakishadondoka, umelala. Mti uliolala hauamshwi."

Mjomba alishusha pumzi, akateremka peke yake. Mimi niliamini hizo ni kanuni za miti, nikazikariri.

Sasa najua mkomamanga huhamishwa vizuri ukiwa umelala, kabla ya mvua za vuli. Bibi naye alijua.

Jana binti yangu alipiga simu tena, nihamie kwake Dar. Nikalitazama waridi langu kibarazani.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Lina maua."