Unyayo wa Mama Mkubwa

Nakiri mapema, kabla hamjayasikia haya kwa jirani zetu wa Likoni (ambao huyasimulia vizuri kuliko mimi, na kwa sauti ya juu zaidi), kwamba aibu ile niliitafuta mwenyewe, na kwamba aliyeumia zaidi si mimi.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka ng'ambo, ambako nilikuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu, namna inavyouongoza mwili kutembea. Elimu hiyo niliichagua kwa ajili ya Mama Mkubwa Mwanakombo, dada yake mama, aliyenilea, ambaye kiharusi kilimlemaza upande wa kulia, akajifundisha upya kutembea kwa mwaka mzima, hata akaweza kwenda na bakora yake, peke yake, hadi kwa jirani yake Bi Riziki kila asubuhi kunywa kahawa. Hatua arubaini na kitu. Nilitaka kuzipima, niziandike katika tasnifu yangu, zije ziwafae wagonjwa wengine.

Hapo ndipo nilipoamua jambo dogo: nisimwambie. Chuoni tulifunzwa kwamba mtu akijua anatazamwa hubadili mwendo, nami nikaiamini kanuni hiyo kuliko nilivyomwamini yeye. Basi kila asubuhi, baada ya swala, nilikifagia kijia chake cha kwenda kwa Bi Riziki (akanisifu kwa adabu zangu, nami nikazipokea sifa), nikajitenga hadi apite, kisha nikazipima nyayo kwa uzi, fundo moja kila hatua, na kila uzi nikautia kikaratasi chenye jina lake. Siku ya sita nikauona unyayo wa kulia uliotulia vizuri mno, nikamimina plasta ya maji, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, nikangoja ikauke, nikaichimbua pamoja na mchanga wake, nikaifunga katika kipande cha bafta nyeupe.

Nilipoinua kichwa, Bi Riziki alikuwa ametoka kumwaga maji.

"Athmani, mwanangu, huo ni unyayo wa nani unaouchimba?"

Kwetu, anayechota unyayo wa mwenziwe ana nia moja tu, ya kumroga. Nililijua hilo tangu utotoni, ila masomo yalikuwa yamenifanya nidhani halinihusu. Badala ya kuomba radhi, nikahutubu. Kadiri nilivyoeleza mishipa ndivyo watu walivyozidi kukusanyika. Nikafungua mkoba ili waone sina siri, zikamwagika nyuzi za mafundo zenye jina la mgonjwa, na ule mguu mweupe katika kitambaa mfano wa sanda.

"Kumbe ndiyo maana siku hizi anafagia," mmoja akasema.

Baba Mkubwa, mume wa Mama Mkubwa, akaniuliza kwa upole nilikusudia kuupeleka wapi. Nami, msema kweli, nikamjibu, "Ng'ambo, baba."

Nikatapatapa. Ili kuwathibitishia kwamba ile ilikuwa plasta tu, nikauinua mguu na kuupiga juu ya jiwe, ukavunjika vipande vitatu. Nikageuka. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni pa Bi Riziki, kikombe mkononi, akiutazama mguu wake. Akaketi polepole pale kizingitini, asiinuke tena.

Alirudishwa nyumbani juu ya kiti, akibebwa na wanaume wawili. Nilimweleza, akaniamini, shehe akamsomea dua, akaitikia amini, lakini mguu ukakataa, na likizo yangu ikaisha hajakikanyaga kijia. (Nilikuwa nimesoma namna hofu inavyoshuka kutoka ubongoni hadi kisiginoni. Sasa niliiona, na dawa sikuwa nayo.)

Siku ya safari nilipiga magoti kumuaga. Hakunigombeza.

"Ungenambia tu, mwanangu," akasema. "Ningekwenda na kurudi mbele yako kutwa nzima."

Nyuzi zake sita, alizonirudishia Baba Mkubwa, nilizifungua melini, fundo moja moja, na tulipofika Aden nilikuwa bado sijamaliza. Tangu hapo sijampima mtu kabla ya kumwomba idhini na kumpa uzi aushike mwenyewe. Ndiyo, hubadili mwendo, hujikaza, wengine hutabasamu. Nami huziandika hatua hizo vivyo hivyo. Tasnifu yangu imejaa hatua za namna hiyo. Za Mama Mkubwa hazimo.